Anayekwenda Mombasa Aanzie Rabai

Kila likizo inapokaribia, katika shule nyingi za Machakos huzuka gumzo lile lile: ziara ya Mombasa. Barua hupelekwa kwa wazazi. Baba huuza mbuzi, mama naye huuza gunia la ndengu alilokuwa ameliweka akiba, na alfajiri moja basi huondoka kwa nyimbo na vigelegele. Baada ya siku tatu wanafunzi hurejea na kofia za ukindu, makome ya baharini na picha tele za mchanga mweupe. Waulize walichojifunza. Aghalabu jibu ni kwamba maji ya bahari yana chumvi, jambo ambalo walilijua tangu shule ya msingi.

Msomaji asidhani kwamba ninaipinga bahari. Mtoto aliyelelewa kando ya mto unaokauka Agosti ana haki ya kuyaona maji yasiyokuwa na mwisho, na furaha yake ni sehemu ya elimu. Hoja yangu ni kwamba furaha hiyo haina ugomvi na historia. Watalii wa Ulaya waendao Tunisia huogelea Hammamet asubuhi, na jioni wakasimama katika magofu ya Carthage, mji uliobomolewa na Warumi mnamo mwaka 146 kabla ya Kristo. Hawaoni taabu kuyachanganya mawili hayo. Nasi tunayo pwani yenye magofu, ngome na miji mikongwe, na kutoka Machakos hadi Mombasa hazifiki kilomita 500. Tulichokosa ni mpango.

Nami nikiri kosa langu kabla ya kuwakosoa wenzangu. Miaka kadhaa iliyopita niliongoza ziara ya aina hiyo. Tulitanguliza ufuo, tukachelewa, tukafika Ngome ya Yesu saa za kufunga zikikaribia. Wanafunzi walipita mbio kama kondoo wanaoswagwa. Tulipokuwa tukitoka, mvulana mmoja wa kidato cha pili, ambaye darasani hakuwa na maneno mengi, aliniuliza: "Mwalimu, Wareno walikuwa hapa, na Waarabu wa Omani, kisha Waingereza. Na sisi Wakamba tulikuwa wapi wakati huo?" Nilimwambia apande basi. Ama kwa hakika sikuwa na jibu la kumpa mle njiani, na swali hilo limenikera tangu siku ile.

Jibu lenyewe lipo, nalo liko Rabai, mwendo mfupi tu kaskazini-magharibi ya Mombasa, mahali ambapo mabasi yetu hupita karibu napo bila hata kupunguza kasi. Katika karne ya kumi na tisa Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakuu wa misafara baina ya bara na pwani. Pembe za ndovu zilizouzwa Mombasa zilifika huko mabegani mwa watu waliotoka Ukambani, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Wengine hawakurudi kabisa. Njaa iliwahamisha, wakaweka makao nyuma ya pwani, na hadi leo katika Kaunti ya Kwale wako Wakamba ambao mababu zao walifika huko zama hizo.

Huko Rabai ndiko Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikofungua kituo chao cha misheni mwaka 1846. Kanisa la kale lingali limesimama, na pana makavazi madogo yanayomkumbuka Krapf. Kwa mwalimu wa Kiswahili hapo ni mahali pa kuvua kofia, kwani Krapf alichapisha sarufi ya lugha hii mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwa mwanafunzi wa Machakos pana zaidi ya hayo. Kutoka Rabai Krapf alifunga safari hadi Kitui, kwa Kivui Mwendwa, mfanyabiashara wa pembe aliyejulikana tangu Ukambani hadi pwani. Ni huko Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, alikouona Mlima Kenya kwa macho yake. Na wengi husema kwamba jina la nchi yetu limetokana na namna Wakamba walivyolitamka jina la mlima ule. Krapf alirudi mwaka 1851. Safari hiyo Kivui aliuawa katika shambulio wakielekea Mto Tana, na mgeni wake akanusurika kwa shida. Laiti ningaliyajua haya vizuri siku ile, mvulana yule asingalipanda basi akiwa kimya.

Kwa hiyo ninapendekeza ziara igeuzwe juu chini: ianzie Rabai, ipitie ngomeni, na bahari iwe ya mwisho.

Hata njia yenyewe ni darasa, mwalimu akitaka. Tangu mwaka 2017 pana treni ya abiria ya reli ya SGR, na ile inayosimama vituoni huchukua abiria Athi River, ndani ya kaunti yetu. Kituo chake kikuu cha Nairobi kiko Syokimau, jina la mwaguzi wa Kikamba anayesimuliwa kuwa alitabiri ujio wa nyoka mrefu atakayetoka baharini. Treni hupita Emali, Kibwezi na Mtito Andei, kisha ikavuka Tsavo na nyika ya Taru, ambako misafara ya miguu ilihesabu kila kibuyu cha maji. Mwanafunzi aliyekaa dirishani na ramani magotini ataelewa kwa saa chache kwa nini safari hiyo ilikuwa ya mashujaa. Asisahau pia kwamba reli ya kwanza, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, iliupita kando mji wa Machakos, uliokuwa kituo cha utawala wa Waingereza kabla Nairobi haijawa mji. Hasara hiyo tunaijua sisi wenyeji bila kuhadithiwa.

Suala la majira nalo lisipuuzwe. Mvua za masika huinyeshea pwani sana Aprili na Mei, na anayepeleka watoto wakati huo atawaonyesha matope. Agosti upepo ni wa kusi. Bahari huchafuka kidogo na mwani hutapakaa ufuoni, lakini hewa ni ya kupendeza. Desemba kaskazi huwa imeshaanza kuvuma, joto ni kali na malazi hupanda bei. Mimi ningechagua Agosti bila kusita. Na iwe ni kusi au kaskazi, mwalimu awaambie wanafunzi kwamba pepo hizo mbili ndizo zilizoijenga Mombasa: kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha.

Ngomeni tengeni nusu siku nzima, ya asubuhi. Mwandikieni barua mapema mkuu wa makavazi, mwombe mtu wa kuwaeleza. Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698; wanafunzi na wajiulize watu wa ndani walikula nini, na maji waliyapata wapi. Waingereza waliigeuza gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, miaka mitatu baada ya misitu ya kaya za Wamijikenda, zikiwemo za Warabai. Baada ya hapo watembezwe Mji wa Kale kwa miguu, wale mahamri kwa mbaazi. (Wapo watakaodai muthokoi hata huko, wavumilie.)

Gede, yenye magofu yake ndani ya msitu, ni ya ajabu, na mwaka 2024 nayo iliingia katika orodha hiyo ya urithi wa dunia. Hata hivyo iko mbali kuelekea Malindi, na kuibana ndani ya siku tatu ni kurudia kosa langu la mbio. Iachwe kwa ziara nyingine.

Bahari sasa. Hapa sitanii, kwa sababu wengi wa watoto wetu hawajui kuogelea. Kabla ya kuchagua saa, mwalimu aulize wenyeji maji yanajaa lini na kupwa lini, maana saa hizo husogea kila siku kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana na hurudi kwa kishindo. Aliyetembea kwenda miambani huzingirwa kabla ya kutambua. Waingie kwa makundi madogo, maji yasiwapite kiunoni, na kila kundi liwe na mtu mzima anayejua kuogelea, ambaye hatapiga picha wala kuzungumza kwa simu. Mwalimu asiyeweza kupata watu hao awaache watoto waloweshe miguu tu.

Gharama haitaongezeka sana kwa mpango huu. Kinachoongezeka ni kazi ya mwalimu: majuma matatu ya kusoma na wanafunzi kabla ya safari, barua mbili au tatu, na swali moja ambalo kila mwanafunzi atapewa akalitafutie jibu huko. Wenzangu mnaoandaa barua ya wazazi ya Agosti, wekeni Rabai katika mstari wa kwanza. Na kama yule mvulana, ambaye sasa ni mtu mzima, anausoma ukurasa huu, ajue kwamba mwalimu wake bado anamdai safari moja.