Zabibu za Dodoma Zinasubiri Tangi

Kabla ya mvinyo wowote, mama mwenye nyumba alinionjesha mchuzi. Aliuchota kwa kikombe cha bati kutoka kwenye simtanki lililovikwa magunia mabichi, akanikabidhi kikombe kwa mikono miwili, akasubiri. Ulikuwa mzito na mtamu kama maji ya miwa, povu la rangi ya zambarau juu yake, na nyuma ya utamu huo kulikuwa na mchomo mdogo wa kitu kilichokwisha kuanza kuchacha. Binti yake akanifahamisha kwamba ilikuwa siku ya tatu tangu uingie tangini. Wiki inayofuata, karibu sukari yote ingekuwa imegeuka kilevi.

Mchuzi wa zabibu: ndivyo wanavyoyaita maji ya zabibu zilizokamuliwa wakulima, wenye viwanda, hata wabunge wanapoidai serikali soko la zao hili. Nilifika Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, Jumamosi moja ya Septemba kuonja mvinyo wa familia inayolima, inayokamua na kuuza yenyewe. Niliondoka nikiamini kwamba swali kubwa la biashara ya zabibu mkoani humu si la shamba hata kidogo. Ni la tangi.

Shambani Dodoma imejaliwa. Ni nchi kavu ya mbuyu na mtama, iliyo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ya milimita mia tano na kitu hadi mia sita kwa mwaka hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufunga. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi na kuamka wenyewe majira yakibadilika. Wa huku haulali. Anayeulaza na kuuamsha ni mkulima mwenye mkasi: akishapogoa, mti huchipua, huweka maua, na baada ya takribani miezi minne vishada viko tayari. Kwa hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa au Italia hawezi kulipata.

Lakini mavuno hayo mawili hayalingani. Yale ya mwanzoni mwa mwaka hukutana na mvua, na mvua huleta ubwiri unga na ubwiri vinyoya, hupasua tunda, hulijaza maji na kuipunguza sukari. Ya Agosti na Septemba hukomaa chini ya jua kavu. Baba wa familia hii, aliyenipokea getini kwa "Mbukwenyi" ya Kigogo, alinitembeza kwenye mistari ya nguzo na waya akinionyesha punje ndogo, nyeusi, zenye ngozi nene. Adui yake wa kiangazi ni mchwa na ndege. Mchwa huingia chini ya gome usiweze kuwaona hadi tawi linyauke.

Zao lenyewe si la kale. Wamisionari wa Kikatoliki walilipanda Bihawana miaka ya 1950, wakihitaji divai ya misa, na kutoka hapo likasambaa vijijini. Serikali ikajenga kiwanda cha umma, DOWICO, ambacho kilidorora na hatimaye kikabinafsishwa. Kituo cha utafiti cha Makutupora kikabaki na kazi ya mbegu na miche. Jina la kituo hicho ndilo jina la zabibu nyekundu inayotawala mashamba ya huku. Wakulima wengi wanayo Makutupora, na wachache wamepanda Chenin Blanc kwa ajili ya mvinyo mweupe, au Syrah.

Sasa tazama kinachotokea wiki ya mavuno. Mahindi yakikosa bei huwekwa ghalani. Alizeti husubiri, karanga husubiri. Zabibu iliyokatwa asubuhi katika joto la Dodoma huanza kuvuja siku hiyohiyo, na siku chache baadaye ni chakula cha nyuki. Mkulima asiye na tangi hupeleka kreti zake kwa mwenye tangi, na kwa kuwa mashamba yote ya jirani yamekomaa wiki moja, anakuta foleni. Mnunuzi hupima sukari, huangalia tangi lake limebaki na nafasi kiasi gani, kisha hutaja bei. Muuzaji hana la kujibu, kwa sababu mzigo unaoza mgongoni mwake. Wengine huishia kujaza zabibu za mvinyo kwenye mifuko ya plastiki na kuziuzia abiria wa mabasi barabarani.

Katika hali hiyo, kumpa mkulima miche zaidi ni kumwongezea mzigo unaooza. Huko Chinangali, wilayani Chamwino, wakulima waliunganishwa katika shamba kubwa la pamoja, wakawekewa umwagiliaji wa matone na mkopo wa benki. Mizabibu ikazaa. Tatizo la nani atanunua, lini na kwa bei gani likabaki palepale, na riba ya mkopo haikusubiri jibu.

Familia ya Hombolo ilipita njia nyingine, tena kwa lazima zaidi kuliko kwa mpango. Mwaka mmoja mzigo wao ulikataliwa kwenye mizani baada ya kukaa juani. Msimu uliofuata mama, ambaye tangu utotoni alikuwa akipika pombe ya uwele, alikamua kreti tano ndani ya madumu. Ziligeuka siki. Binti yao, aliyesomea kemia, ndiye aliyekuja na refraktometa ya kupimia sukari, kipimajoto na daftari. Walichokuwa wakikosea kilikuwa kimoja: joto. Hamira ikifanya kazi huzalisha joto lake yenyewe, na mchuzi mwekundu ukipanda sana juu ya nyuzi 30 hamira hudhoofika, kisha bakteria wa siki hupata nafasi. Kiwanda kikubwa hutumia mitambo ya kupoza. Hapa familia hutumia magunia na maji, na hesabu yake ni nzuri: hewa ya Dodoma ni kavu, maji yanapokauka kwenye gunia huondoka na joto la tangi. Usiku hupokezana kulowesha.

Nilionja chini ya mwarobaini, glasi tatu mezani, na sahani ya mbuzi wa kuchoma kando. Chenin Blanc iliyotoka kwenye ndoo ya barafu ilinipendeza kuliko nilivyotarajia: kali kama embe bichi lenye chumvi, safi, inayomwita mtu arudie. Ya pili ilikuwa Makutupora kavu. Ina zambarau ndani yake, ina ukwaju, na ukakasi unaoshika ulimi hadi uume kipande cha mbuzi chenye mafuta. Hapo ukakasi unaachia, na nyama na mvinyo vinakuwa kitu kimoja. Ya tatu, Makutupora tamu, ndiyo inayouzika kuliko zote. Pua yangu iliona dalili ya siki pembeni yake nikasema hivyo waziwazi. Mama hakukunja uso. Alisema ni tangi la Machi, la mvua, na kwamba mwakani zabibu za Machi ataziuza zote na kukamua za kiangazi peke yake. Nadhani yuko sahihi, ingawa uamuzi huo utaliacha tangi lake tupu nusu mwaka.

Hesabu ya kutoka kwenye kilo hadi chupa ni rahisi kufuatwa. Tani moja ya zabibu hutoa takribani lita 600 hadi 700 za mvinyo, yaani chupa 800 hadi 930 hivi za mililita 750. Kwa maneno mengine, kila chupa imebeba kilo moja na kidogo ya zabibu, na chupa hiyo ikiuzwa mlangoni huleta bei ya kilo kadhaa. Tofauti hiyo ndiyo inayowavutia vijana wengi wa Dodoma kuanza kukamua. Wanachogundua baadaye ni kwamba mvinyo ndani ya chupa si gharama kubwa pekee. Kuna chupa yenyewe, kizibo, lebo, nembo ya ubora ya TBS, na tangu 2019 stempu ya kodi ya kielektroniki inayobandikwa kwenye kila chupa. Mwenye chupa 800 hununua vitu hivi kwa rejareja. Mwenye chupa laki nane hununua kwa kontena. Ushuru wa bidhaa kwa kweli umemfikiria mzalishaji wa ndani, kwani mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini hutozwa kiwango kidogo sana kuliko ule wa zabibu za nje. Ni sera nzuri. Lakini nafuu hiyo humfikia aliyekwisha kufungasha. Haimsaidii aliye kwenye foleni ya mizani.

Soko lipo, na linakua. Serikali ilipohamia Dodoma, watu na ofisi zao walihamia pia. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa na watu zaidi ya milioni tatu. Treni ya SGR ilianza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, na miongoni mwa wageni walioonja nami walikuwemo wanne waliofika kwa treni hiyo na kuondoka na katoni. Makanisa nayo ni wateja wasioyumba: kanuni ya 924 ya Kanisa Katoliki inataka divai ya misa iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika, na mkamuaji mwangalifu wa Hombolo anaweza kutimiza sharti hilo. Kwenye rafu za supamaketi mambo ni magumu zaidi. Huko mvinyo wa Afrika Kusini umejipanga mstari kwa mstari, na mzalishaji mdogo huombwa aache mali kwa mkopo na alipwe ikishauzwa. Kwa familia kama hii, mwanya wa kweli ni meza ile chini ya mwarobaini. Mgeni huonja, hulipa taslimu, na wiki ijayo humleta mwenzake.

Ninachokitamani ni kuona benki zinazokopesha kilimo zikilihesabu tangi kama zinavyolihesabu trekta. Tangi la chuma cha pua hudumu miaka mingi, linaweza kusajiliwa, linaweza kuwekwa rehani, na likijaa lina mali ambayo haiozi kesho. Vijiji viwili vitatu vikiwa na matangi ya pamoja na mtu mmoja anayejua kupima, mkulima angeuza mchuzi uliokwisha kugeuka mvinyo mwezi wa Novemba, foleni ikiwa imekwisha, badala ya zabibu mwezi wa Septemba. Bei ya siku hiyo angekaa akaijadili.

Jua likielekea kuzama, mkokoteni wa punda uliingia uani. Jirani alikuwa na kreti kumi, amezungushwa tangu asubuhi. Alimwamkia mama, akaeleza shida yake akiwa amevua kofia. Mama hakumjibu papo hapo. Alikwenda kwenye simtanki la pili, akaligonga kwa vifundo vya vidole kuanzia chini kwenda juu, akisikiliza mlio ulipobadilika kutoka mzito kuwa mtupu, kisha akaweka kiganja pale. Palikuwa na nafasi ya kreti nne. Binti akachukua refraktometa, akakamua punje moja juu ya kioo, akasoma: 22. Kreti nne zikashushwa. Sita zikabaki juu ya mkokoteni, na jirani akawa anazifunika upya kwa majani ya mgomba, taratibu, kama mtu anayefunika mgonjwa.