Kifundo Kinapogeuka Kuwa Goti

Goti la mtoto linauma usiku. Mama anasema ni kukua. Bibi analichua kwa mafuta ya nazi. Wiki zinapita, uvimbe unakuwa mgumu, mtoto anaanza kuchechemea. Mara nyingi maumivu ya goti ni ya kuumia tu mchezoni. Mara chache huwa osteosakoma, saratani ya mfupa inayowapata zaidi vijana wanaobalehe, hasa kuzunguka goti, mahali mifupa inaporefuka kwa kasi.

Zamani tiba ilikuwa kukata mguu, na bado wengi walifariki, kwa sababu saratani ilikwisha kufika mapafuni kimyakimya. Dawa za kemo, kuanzia miaka ya 1970, zilibadili mambo. Leo, ugonjwa ukiwa haujasambaa na tiba ikatimia, wengi hupona. Hapo likazuka swali jipya: mtoto huyu aliyepona atatembeaje?

Mfupa bandia wa chuma huhifadhi umbo la mguu. Lakini takriban asilimia 70 ya urefu wa mfupa wa paja huotea kwenye ncha yake ya chini, jirani na goti. Ncha hiyo ikiondolewa kwa mtoto mdogo, mguu wenye afya huendelea kurefuka, mwenzake ukabaki nyuma.

Madaktari wa Vienna, Austria, wakafufua mbinu ambayo Mjerumani Borggreve aliifanya mwaka 1927 kwa mgonjwa aliyeharibiwa goti na kifua kikuu. Daktari huondoa goti pamoja na uvimbe, lakini neva kuu ya mguu haikatwi: huchambuliwa taratibu kutoka kwenye nyama na kuwekwa kando ikiwa nzima. Kisha muundi hupandishwa, hugeuzwa nyuzi 180 na kuungwa na paja. Kisigino sasa kinatazama mbele, vidole nyuma, na kifundo kimekaa mahali pa goti.

Unyayo huo huvishwa mguu bandia. Mtoto akielekeza vidole chini, mguu bandia hunyooka. Akivikunja juu, hujikunja. Kwa kuwa neva ni yake, huhisi kila hatua. Kwa mazoezi, hukimbia na kuendesha baiskeli.

Kumwona mwanao na unyayo uliogeuka kunauma, na mzazi anahitaji muda wa kukubali. Lakini hata uamuzi huo mgumu una masharti: uvimbe ukishaikumbatia neva, hakuna tena cha kugeuza. Goti linalouma usiku na kuvimba lisichuliwe. Lipigwe eksirei.