UZI: Mgombea wa MCA Mjambere akikuahidi, muulize hiyo ni kazi ya nani

1/ Kura ni tarehe 10 Agosti 2027, lakini ahadi hazingoji kampeni. Hapa Mjambere, Kisauni, utasikia tano zile zile: maji, hatimiliki, usalama, basari na taka. Uzi huu hautaji mtu wala chama. Twaangalia kila ahadi na kuuliza swali moja tu: je, MCA ana mkono humo?

2/ Kwanza kazi yenyewe. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, MCA anatunga sheria za kaunti, anapitisha mipango na bajeti, na anamchunguza gavana na mawaziri wake. Basi. Si kazi yake kutoa tenda wala kujenga barabara. Tena Mombasa ina wadi 30, kwa hivyo wa kwenu ni mmoja tu. Asipowashawishi wenzake bungeni, hakuna kinachopita.

3/ Nani afanye nini? Jibu liko kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti ina zahanati, chekechea, vyuo vya ufundi, huduma za maji, taka, taa za barabarani na barabara za mitaa. Serikali kuu ina polisi, shule za msingi na sekondari, bandari na barabara kuu. Piga picha jedwali hilo uliweke kwenye simu. Litakusaidia sana mkutanoni.

4/ MAJI. Kuyafikisha hadi mfereji wako ni kazi ya kaunti. Lakini maji ya Mombasa yatoka nje: Mzima, Baricho, Marere na Tiwi. Mitambo hiyo mikubwa, pamoja na bwawa la Mwache kule Kwale, iko chini ya serikali kuu.
Kuna mgombea atakayesema "nachimba visima", na mwingine aseme "tungoje Mwache". Wa kwanza muulize: nani atapima maji hayo? Kisauni ina vyoo vya shimo vingi, na uchafu wake umewahi kupatikana kwenye maji ya visima. Wa pili muulize: Mwache ikifika, mabomba ya mtaani yatakuwa tayari?

5/ HATIMILIKI. Hapa ndipo watu huumizwa zaidi, maana maskwota wamechoka. MCA hawezi kukupa hatimiliki. Inatoka wizara ya ardhi ya serikali kuu. Kumbukeni shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930: lilinunuliwa na serikali kuu, na hati zikatolewa Januari 2016. Halikuwa suala la bunge la kaunti.
Lakini MCA si bure. Upimaji na upangaji wa ardhi uko kaunti. Mgombea mkweli atasema: "Nitadai bajeti ya kupima mtaa wetu, na tuache njia ya maji na ya zimamoto." Anayesema "nichagueni mpate hati", ama hajui kazi ama anakudanganya.

6/ USALAMA. Vijana wa panga wakitokea, polisi ni wa serikali kuu. MCA hampi OCS amri. Sasa sikia hili ambalo wengi hawalijui: Jedwali la Nne linaipa kaunti jukumu la kudhibiti dawa za kulevya. Taa za barabarani pia ni zake, na leseni za pombe vilevile. Kwa hivyo akisema "usalama si kazi yetu", mwambie hapana. Muulize taa ngapi zitawekwa, na kituo cha kurekebisha waraibu kitatengewa pesa gani.

7/ BASARI. Hapa kuna hoja pande zote mbili. Wapo wanaosema karo ndiyo shida ya leo, mtoto asirudishwe nyumbani. Wengine wanasema sekondari ni ya serikali kuu, pesa ya kaunti ijenge chekechea na vyuo vya ufundi. Mwanzoni mwa 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizitaka kaunti ziwe na makubaliano na serikali kuu kabla ya kutoa basari hizo, na mvutano ukafika mahakamani. Mgombea anayeahidi kuongeza basari akueleze amejipangaje mlango huo ukifungwa.

8/ TAKA. Hii ni ya kaunti mia kwa mia, haina visingizio. Jaa la Mwakirunge liko hapa hapa Kisauni. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe, na kaunti iweke mahali pa kuzichambua. Awe anataka vikundi vya vijana au kampuni, muulize: nani atalipwa, kwa mkataba gani, na nani atakagua?

9/ "NIPENI MFUKO WA WADI." Ni ombi linalovutia, maana kila mtu angependa pesa zikae karibu. Shida ni kwamba anayekagua matumizi hawezi kuwa ndiye mtumiaji. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya CDF ya 2013, na hoja moja ilikuwa hiyo hiyo: wabunge kuingilia kazi ya utekelezaji. Kudai mradi kwa wadi yako ni sawa. Kuushika mfuko mwenyewe ni jambo jingine.

10/ Nguvu ya kweli ya MCA iko kwenye kalenda ya bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia 1 Septemba, mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio 30 Aprili, na bajeti huanza kutumika mwezi wa Julai. Sheria yataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Mtaa ambao haukuandikwa kwenye karatasi hizo hautapata kitu, hata MCA wenu apige kelele vipi.

11/ Kwa hivyo mkutanoni, maswali matatu:
– Hiyo ahadi ni ya kaunti au ya serikali kuu?
– Itaingia kwenye bajeti ya mwaka gani?
– Wadi zingine zitakuunga mkono kwa nini?
Mwenye kujibu yote matatu, mrekodi. Ahadi ni deni, na 2032 atarudi kuomba tena. Mpelekee uzi huu jirani, hasa yule anayengoja hatimiliki.