Moto Mrefu Usio na Moshi

Mama mmoja alifika hospitali asubuhi mapema, mtoto wake wa miezi 8 mgongoni. Akasema, "Muganga, jana alinyonya vizuri. Leo anahema kama mbwa aliyekimbia." (Mimi ni muuguzi tu, lakini watu hutuita sisi sote waganga.) Nikamlaza mtoto, nikashika saa, nikahesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Zilikuwa 58. Chini ya mbavu zake nyama ilikuwa ikiingia ndani kila alipovuta hewa. Alikuwa na homa ya mapafu.

Nilipoinama kumsikiliza kifua, nilisikia harufu ya moshi katika kitambaa chake. Nikamwuliza mama, "Wakati unapopika, mtoto yuko wapi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Mgongoni, muganga. Nimwache wapi?"

Jibu lake ni la haki. Sitaki kumhukumu mama huyu, maana mama wengi wa milima yetu ya Kivu hufanya vivyo hivyo. Nyumba ya kupikia ni ndogo, nje ni baridi na mvua, maharagi yanataka saa nyingi, na mtoto analia. Lakini moshi ule unaowatoa machozi watu wazima unaingia katika mapafu madogo ya mtoto kila siku. Moshi sio mdudu wa ugonjwa, lakini unadhoofisha kifua, na wadudu wakija wanakuta mlango wazi. Shirika la afya la dunia, ndilo OMS, lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 watu karibu 3,200,000 walikufa duniani kwa sababu ya moshi wa nyumbani. Kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000.

Basi, moshi ni nini? Watu hufikiri kwamba ni uchafu wa moto, kama vile majivu. Sivyo. Moshi ni chakula cha moto ambacho moto haukukila. Angalia ukuni unapowaka. Kwanza maji yaliyomo yanatoka. Kisha ukuni ukipata moto sana unatoa hewa yake ya ndani, na ni hewa ile inayowaka tunapoona ndimi za moto. Mwisho yanabaki makala, nayo yanawaka mekundu bila ndimi. Zaidi ya nusu ya nguvu ya ukuni iko katika hewa ile ya katikati. Kama mahali pa moto si pa moto ya kutosha, au hewa safi haifiki, hewa ile inapanda bila kuungua. Ndiyo moshi. Mama aliyebeba kuni kutoka mbali kwa kichwa chake, sehemu ya mzigo wake inapita darini na kuwa masizi.

Kosa la kwanza ni kuni mbichi. Ukuni uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Chukua kilo 10 za kuni mbichi: ni kama kumimina lita 5 za maji motoni, kisha kuuomba moto uyakaushe kwanza ndipo upike. Mpasue mti mara mkiisha kuukata, kwa maana maji hayapiti vizuri katika ganda. Mpange kuni juu ya mawe au vijiti, zisiguse udongo, upepo upite katikati, na juu muweke kifuniko cha bati au majani. Zikae miezi 6, au zaidi mahali pa mvua nyingi. Ukuni mkavu una nyufa mwishoni, ganda lake linatoka kwa mkono, na ukigonga viwili pamoja vinalia kama kengele. Vibichi vinatoa sauti nzito, pu, pu.

Kosa la pili linapendwa sana. Mtu anataka moto ukae muda mrefu. Anasukuma gogo nene, analifunika majivu, anaziba hewa. Kweli, asubuhi atakuta moto. Lakini usiku kucha gogo lile lilikuwa linatoa moshi bila ndimi, na watoto walilala ndani yake. Moto ulikaa, ndiyo, lakini haukuwaka. Moto mrefu mzuri haupatikani kwa kunyimwa hewa. Unapatikana kwa kulishwa kidogo kidogo: kuni ngumu zilizopasuliwa kama mkono wa mtoto, vipande 2 au 3 tu kwa mara moja, vichwa vyao vikikutana mahali pamoja, na kusukumwa ndani kadiri vinavyoungua. Kwanza washa kwa vijiti vyembamba mpaka yawepo makala mekundu ya kutosha. Juu ya hayo ndipo kuni kubwa zitawaka vizuri. Kisha toka nje, utazame juu ya nyumba. Moshi mweupe mzito utoke dakika chache tu za mwanzo. Baadaye, kama moto ni mzuri, utaona hewa inatetemeka tu.

Mimi mwenyewe nilijenga jiko la udongo nyumbani kwetu, na nilijenga vibaya. Nilifikiri udongo mnene utashika moto vizuri, nikafanya kuta nene kama za kanisa. Mke wangu hakusema neno. Siku ya nne nilipotoka kazini nilikuta mafiga matatu yamerudi mahali pake, na juu ya jiko langu kuku amelala. Udongo mzito ulikuwa unakunywa joto lote kabla ya sufuria kupata kitu. Nikavunja, nikaanza tena. Sasa moto unakaa katika tundu jembamba, upana wa sentimeta 12, linaloingia kwa upande kisha kupanda juu kama kiwiko cha mkono. Kimo cha kupanda ni mara mbili au tatu ya upana. Kuzunguka tundu lile nilijaza majivu makavu, kwa sababu majivu ni mepesi na hayanyang'anyi joto. Kuni zinalala juu ya kipande cha bati, na hewa inapita chini yake. Watu wengi hujaza mlango wote kwa kuni, kisha wanalaumu jiko. Bomba la moshi linapita ukutani mpaka juu ya paa, na kila mwezi tunalipangusa masizi. Kuku ametafuta mahali pengine.

Kwa maharagi yenyewe, yalowesheni usiku kucha, mwage maji yale, myachemshe kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kisha mfunike sufuria na kupunguza kuni. Yakiisha kuchemka vizuri, sufuria yaweza kuwekwa katika kikapu kilichojazwa majani makavu ya migomba, na blanketi juu. Yataendelea kuiva bila ukuni hata mmoja. Kabla ya kula yachemke tena.

Lakini nawaonya juu ya mbabula. Wengine, wakisikia mafundisho haya, husema, "Basi tutaingiza makala chumbani, hayana moshi." Ndugu zangu, makala mekundu yanatoa hewa nyingine ya sumu, iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Katika nyumba iliyofungwa inaua watu usingizini. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au kutapika karibu na mbabula, mtoeni nje upesi, kisha mleteni hospitali.

Na mhesabu pumzi za watoto wenu, wakiwa wametulia. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 mpaka mwaka 1 mara 50 au zaidi, wa mwaka 1 mpaka miaka 5 mara 40 au zaidi, msingoje kesho. Vilevile akikataa kunyonya, au kifua chake kikiingia ndani.

Yule mtoto alipata dawa, akakaa kwetu siku 5. Siku ya kwenda nyumbani mama yake alinitafuta. Nilifikiri anataka kuuliza juu ya dawa. Kumbe alitaka kamba. Nikampa kipande cha bandeji, naye akaenda nacho penye jiko la kupikia wagonjwa, akapiga magoti mbele ya tundu, akapima upana wake, akafunga fundo. Kisha akapima kimo, akafunga fundo la pili.