Kurekodi, Kutohoa au Kugeuza? Mchezo wa Nyimbo Unapoingia katika Filamu

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, iliviweka vitu viwili chini ya paa moja: mchezo unaochezwa jukwaani mbele ya watu, na filamu inayoonyeshwa juu ya pazia. Lakini kazi ya kukitoa kitu kimoja na kukipeleka katika kingine kila mtu huitaja apendavyo. Mmoja huandika kuwa mchezo “umerekodiwa”, wa pili kuwa “umetafsiriwa”, wa tatu kuwa “umetoholewa”. Tumeonelea tulitazame jambo hili kwa makini, kwani maneno hayo hayasemi kitu kimoja, na tofauti yake huweza kumpunja mtu haki yake.

Tuanze Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Mtafsiri anayetafuta huko mfano wa mchezo wa nyimbo ataukuta katika kile Wasukuma wakiitacho mbina. Kwa Kiswahili tunasema ngoma, neno ambalo tangu zamani limebeba chombo, wimbo, uchezaji na shughuli yenyewe. Iko wigashe, ambayo vijana huiimba wakiwa wameketi. Iko bugobogobo ya majembe. Iko buyeye ya wacheza nyoka. Kila kikundi kina manju wake, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, na nyimbo zake husimulia habari, husifu na husuta. Si tamthiliya kwa maana ya darasani, lakini viungo vyake vyote vimo. Kwamba viungo hivyo vyaweza kuungana na mchezo wa kuigiza si dhana tupu: katika miaka ya 1982 na 1983 wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi hiyo pamoja na wanakijiji wa Malya, Wilaya ya Kwimba, si mbali na Maswa.

Sasa tuyaangalie mashindano ya Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno vikundi viwili hucheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna waamuzi wenye kalamu na karatasi. Watu huenda wanakovutwa, na kikundi kilichozungukwa na umati mkubwa zaidi ndicho mshindi. Ndiyo maana manju huchungulia upande wa pili huku akiimba, na akiona watu wanamtoka huleta nyoka, au kichekesho, au wimbo wa kumsuta mpinzani wake.

Je, kamera itafanya nini hapo? Ikisimama mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, itapata upande mmoja tu. Hiyo ndiyo kurekodi: kumbukumbu yenye manufaa makubwa, lakini mashindano yenyewe hayamo ndani yake. Mwongozaji akitaka mtazamaji wa filamu auone ushindani, itambidi akate na kuunga. Atoke kwa Bagika aende kwa Bagalu, aonyeshe miguu ya watu wanaohama, afupishe wimbo wa nusu saa uwe wa dakika tatu. Uamuzi uliokuwa wa umati umehamia kwenye meza ya mhariri. Kazi hiyo si kurekodi tena.

Wenzetu wa nje wameyapitia hayo. Mchezo wa West Side Story ulichezwa New York mwaka 1957. Filamu yake ya mwaka 1961 ilibadilishana hata nafasi za nyimbo mbili, ule wa kuchekesha ukatangulia na ule wa ukali ukafuata. Sarafina!, mchezo wa Mbongeni Ngema wa mwaka 1987 kuhusu wanafunzi wa Soweto, ulifanywa filamu mwaka 1992 na Darrell Roodt. Leleti Khumalo alibaki kuwa Sarafina katika zote mbili, lakini jukwaa lilitoweka, mahali pake pakawa na mitaa.

Kwa sababu hiyo hatupendelei “kutohoa”. Neno hilo tumelipa kazi maalumu: kuchukua neno la kigeni na kulilainisha lifuate matamshi yetu, maana ikibaki. Hapa kinachobadilika ni mpangilio wa ndani, si matamshi. “Kutafsiri” nako tukuachie lugha. Sisi tungependekeza kugeuza, na nomino yake ugeuzaji: “filamu iliyogeuzwa kutoka mchezo wa jukwaani”. Wako watakaosema kuwa neno hili ni la kawaida mno. Kwetu hiyo ni sifa, maana manju atalielewa bila kufasiriwa.

Naye hana budi alielewe, kwa kuwa ndiye atakayetia sahihi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inahesabu kunakili kazi, kuitafsiri na kuigeuza kuwa haki mbalimbali za mtunzi. Mkataba ukisema “kurekodi” peke yake, mtengenezaji wa filamu hakupewa ruhusa ya kukata wimbo wala kuutia katika hadithi nyingine. Ukisema “kutumia kwa namna yoyote”, manju ametoa kila kitu pasipo kujua. Maofisa utamaduni wanaoombwa kusoma mikataba ya namna hiyo yafaa waulize kwanza ni kitendo gani kinachokusudiwa.

Limebaki neno “onyesho”, nalo linatutatiza zaidi. Katika vitabu vya tamthiliya ni sehemu ya mchezo. Katika matangazo ya ngoma ni shughuli nzima. Katika ukumbi wa sinema ni kule kuonyeshwa kwa filamu. Mkataba unaoahidi malipo “kwa kila onyesho” waweza kusomwa kwa njia tatu. Kwa sasa twashauri sehemu ya filamu iitwe “tukio”, na panapohusika fedha iandikwe wazi “kila mara filamu itakapoonyeshwa kwa watu”.