Moyo wa Mtoto Hufunzwa Uwanjani

Kuna kisa kimoja ambacho nimekificha kwa muda mrefu kwa sababu ya haya. Leo nimeona heri nikitoe hadharani, maadamu aibu yangu mimi yaweza kuwa faida ya walimu wenzangu na ya watoto walio mikononi mwetu.

Nilikuwa mlezi wa kikosi cha maskauti katika shule moja ya msingi. Kila Ijumaa alasiri tulikusanyika uwanjani, tukapiga gwaride, tukafunga vifundo vya kamba, tukaimba. Miongoni mwa wanachama palikuwa na msichana wa darasa la sita, mwenye bidii masomoni na mwepesi wa kucheka, lakini katika gwaride alibaki nyuma daima. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Siku moja, nilipoona amevunja safu kwa mara ya tatu, nilimwamuru auzunguke uwanja mara mbili awe mfano kwa wengine. Aliuzunguka mara moja tu. Nilimkuta ameketi chini ya mkaratusi, ameshika kifua, anahema kama mtu aliyenusurika kuzama majini. Mwenziwe mmoja akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu hata akipanda ngazi za darasani hupumzika katikati."

Watoto walijua. Mimi mlezi wao sikujua.

Hospitalini iligunduliwa kuwa vali za moyo wake, yaani vile vilango vinavyoelekeza damu, zilikuwa zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Mama yake alikumbuka kwamba miaka iliyotangulia mtoto alikuwa akilalamikia koo mara kwa mara, naye alimsukutulisha kwa maji ya chumvi na kumnunulia tembe dukani. Koo lilipona, moyo ukabaki na kovu.

Wasomaji wengi watashangaa kusikia kuwa koo laweza kumdhuru mtu moyo. Baadhi ya maumivu ya koo huletwa na bakteria waitwao streptokoki. Mtoto asipotibiwa ipasavyo, kinga ya mwili inayopigana na bakteria hao huenda ikageuka na kuvishambulia viungo vya mwili wenyewe, moyo ukiwamo. Wanaoathirika zaidi ni watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15, hasa katika nyumba zenye msongamano. Penisilini, dawa ya zamani isiyo ghali, hutosha kuzuia balaa hiyo ikitolewa mapema. Mtoto aliyekwisha kupata homa hiyo naye huhitaji kudungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Hapa wahenga walinena kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tangu siku ile nimejiuliza swali moja. Sisi walimu huuchora moyo ubaoni kila mwaka. Watoto huyataja majina ya vyumba vyake vinne bila kukosea, huyaandika katika mtihani na kupata alama. Je, yupo aliyewahi kuokolewa na mchoro huo? Yule msichana angeweza kuuchora moyo vizuri kuliko darasa zima, lakini hakuna aliyemwambia kuwa kuhema kwake hakukuwa uvivu, bali ilikuwa habari ya kumpasha mtu mzima.

Naamini kwamba mazoea ya kuulinda moyo hayafundishiki kwa ubao peke yake. Mazoea hujengwa kwa kutenda, tena kwa kutenda pamoja na marika. Hii ndiyo sababu nasema pahali pake hasa ni katika vyama vya vijana: maskauti, vyama vya afya, kwaya, madrasa na vikundi vya vijana wa kanisani. Mtoto atapuuza agizo la mwalimu, lakini hataki kuachwa nyuma na kundi lake. Fikira hii si ngeni. Mwaka 1978, mwaka ule ule wa mkutano wa Alma-Ata kuhusu afya ya msingi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha London walianzisha mpango wa kuwafunza watoto ili nao wawafunze watoto wenzao na jamaa zao. Uskauti nao umekuwapo nchini Kenya tangu mwaka 1910, na wito wake ni kuwa tayari. Basi na tuwatayarishe vijana kwa adui aliye ndani ya kifua pia.

Nitaeleza tuliyoyafanya sisi baada ya kisa kile. Kwanza tuliwafunza watoto kuhesabu mapigo ya moyo. Kila mmoja aliweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa mwenzake, chini ya kidole gumba, mmoja wao akashika saa. Mtoto wa umri wa shule aliyetulia huwa na mapigo baina ya 70 na 100 kwa dakika. Kisha waliruka kamba kwa dakika tatu, wakahesabu tena, wakaona jinsi idadi ilivyopanda na jinsi ilivyoshuka walipopumzika. Waliokuwa wakiogopa hesabu walichukua kalamu kwa hiari yao: mapigo 80 kwa dakika ni mapigo 4,800 kwa saa, na 115,200 kwa siku moja. Kijana mmoja aliuliza, "Na moyo hulala saa ngapi?" Sijapata kusikia swali bora kuliko hilo katika somo la sayansi.

Pili, tuliachana na mtindo wa kuufanya mbio kuwa adhabu. Walimu wenzangu, hebu tutafakari. Mwanafunzi akichelewa, azunguke uwanja. Akipiga kelele, aruke kichura. Kwa kufanya hivyo twamfunza mtoto kwa miaka minane au zaidi kwamba kuutumikisha mwili ni mateso, kisha tunashangaa akiwa mtu mzima na kukataa hata kutembea hadi sokoni. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku. Hilo halihitaji vifaa vya fedha nyingi. Kati, blada, kuruka kamba na kandanda ya mpira wa karatasi za nailoni vyatosha. Aliye mnene au mzito wa miguu asichekwe, kwa kuwa anayechekwa hujitenga, na anayejitenga hana wa kumfunza.

Tatu, tuliingia jikoni. Tulipopiga kambi tuliwapa watoto kijiko cha chai na chumvi, tukawaonyesha kuwa kijiko kimoja, yaani gramu tano, ndicho kipimo ambacho mtu mzima hafai kukizidisha kwa siku nzima, na kwamba mtoto astahili kupata chini ya hapo. Wakajionea jinsi mkono wa mpishi unavyokivuka kipimo hicho bila kujua. Tukapima pia sukari: soda ya kola ya mililita 300 ina takriban vijiko vinane vya chai. Hapo niliumbuka kwa mara ya pili, kwani mtoto mmoja aliniuliza ni kwa nini basi kikosi chetu hukusanya pesa kwa kuuza soda na peremende siku ya wazazi. Sikuwa na jibu. Muhula uliofuata tuliuza ndizi, machungwa na njugu. Pesa zilipungua kidogo, lakini hatukuwa tena tunahubiri maji na kuuza mvinyo.

Nne, kila mwanachama alipewa kazi ya kupeleka neno nyumbani. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu, ule ugonjwa tunaouita presha, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Presha haina kelele. Mtu hulima, hufundisha, huchuuza, hadi siku aangukapo. Lakini ni mzazi gani atakayekataa ombi la mwanawe anayemwambia, "Baba, nakuomba uende ukapimwe"? Vivyo hivyo kuhusu sigara. Sheria ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia tumbaku mtu asiyetimiza miaka 18. Hata hivyo sheria haimlindi kijana kama afanyavyo rafiki wa kumwambia, "Sisi katika kikosi hiki hatuvuti."

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wengine watasema muda hakuna, ratiba imejaa na mitihani i mlangoni. Nami nauliza: ni mara ngapi kipindi cha mazoezi ya mwili kimemezwa na hisabati, na je, alama zimepanda kwa sababu hiyo? Wengine watasema maradhi ya moyo ni ya matajiri wenye vitambi. Yule msichana wangu hakuwa tajiri, na ugonjwa uliompata huwafuata maskini zaidi. Wengine watasema mlezi wa chama si daktari. Ni kweli, wala hatakiwi kuwa daktari. Anachotakiwa ni kuona. Mtoto anayehema kuliko wenzake, anayevimba viungo, anayelalamikia koo kila mara, apelekwe kwenye zahanati badala ya kupelekwa uwanjani kuadhibiwa.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msingoje mwalimu awaone. Wenzake yule msichana walikuwa na habari ambayo ingemwokolea miezi mingi, lakini walidhani haiwahusu watu wazima. Ukimwona mwenzako anapumzika katikati ya ngazi, sema. Huko si kusengenya.

Msichana alirejea kikosini baada ya muda. Daktari alikuwa ametueleza ni kazi zipi aziweza na zipi haziwezi, nasi tukamkabidhi saa. Wenzake walipokuwa wakiruka kamba, yeye ndiye aliyehesabu dakika na kuandika mapigo ya kila mmoja daftarini. Siku ya kwanza nilimwomba msamaha mbele ya kikosi kizima, pale pale nilipomwita mvivu. Alitabasamu, akanishika mkono, akaweka vidole viwili chini ya kidole gumba changu. "Mwalimu," akasema, "wako unaenda mbio."