Kuni za kihamba

Kuni za kihamba ni kuni zinazotokana na kazi za msimu katika kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania. Humo migomba, mibuni, miparachichi na miti ya kivuli hukua pamoja.

Nyingi hupatikana baada ya mavuno ya kahawa, hasa Januari na Februari, mibuni inapopogolewa kabla ya masika. Mkulima huondoa matawi makavu na yanayosongamana ili hewa na mwanga vipite, kwa kuwa mbuni uliosongamana hushambuliwa zaidi na kutu ya majani. Shina lililozaa miaka mingi hukatwa karibu na ardhi, na machipukizi machache huachwa yashike nafasi yake. Shina hilo kuukuu ndilo kuni bora: ni gumu, huwaka polepole na kuacha makaa mazuri.

Miti ya kivuli nayo hupunguzwa matawi. Mgrevilea, wenye asili ya Australia, hupendwa kwa sababu hukua haraka na kuchipua tena, ingawa kuni zake si nzito kama za mbuni. Majani na vijiti huachwa chini virutubishe udongo.

Kuni huchanjwa na kupangwa mahali pakavu, au kwenye uchaga juu ya meko. Anayechelewa hadi mvua zianze atapika kwa kuni mbichi, na moshi wake humuumiza mpishi kwanza. Mashina yaliyotobolewa na mabuu ya mbawakawa hayafai kuwekwa akiba. Yachomwe mapema, maana mabuu huendelea kukua ndani ya mti na mbawakawa wakitoka hurudi mibunini.

Zamani upungufu ulifidiwa msituni. Mwaka 1941 ukanda wa msitu wa upana wa nusu maili ulitengwa kwa matumizi ya wenyeji. Tangu Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipopanuliwa mwaka 2005 na kuingiza msitu wa mlimani, kuokota kuni huko kumebanwa zaidi, na kihamba kimebeba mzigo mkubwa. Lakini vihamba vimegawanywa mara nyingi kwa urithi, na wengine wameng'oa mibuni kwa sababu ya bei ndogo ya kahawa. Katika hesabu hiyo kuni husahaulika, hadi mama wa nyumba anapolazimika kuzinunua.